Seremala wa nyumbani: Likamate vumbi la mbao linapozaliwa



Ndugu msomaji, shukrani zote anastahiki Allah (SW), aliyetupa viungo vya mwili na pumzi tunayoivuta bila kulipia hata senti. Katika safu yetu ya leo tutazungumzia jambo ambalo kaya nyingi huliona kila siku na kulizoea kiasi cha kulisahau. Jambo hilo ni vumbi la mbao katika karakana za useremala zilizopo nyumbani.

Ukipita Barabara ya Morogoro kuanzia Maili Moja pale Kibaha hadi Mlandizi, au ukipanda kutoka Pugu kwenda Kisarawe mjini na kuendelea upande wa Maneromango, utaona vitanda, milango, makabati na fremu za madirisha vimepangwa kando ya njia. Baadhi ya bidhaa hizo hutengenezwa katika mabanda yaliyo uwani mwa nyumba. Baba hupasua na kupiga randa, kijana wake hupiga msasa, na hatua chache kutoka hapo mama anapika na watoto wanacheza. Hii ni kazi ya halali na ya heshima, na tunamuomba Allah aibariki. Lakini karakana ikiwa nyumbani, vumbi lake halibaki kwa fundi peke yake. Familia nzima hulivuta.

Nia ya somo hili si kumtisha fundi aache kazi yake. Tunachotaka afahamu ni jambo moja: vumbi la mbao hukamatwa pale linapozaliwa, kwenye meno ya msumeno na chini ya msasa. Likishapaa hewani, ufagio, feni na hata barakoa ni kulifukuza jambo lililokwisha kutoroka.

Vumbi linaloonekana na lisiloonekana

Mafundi wengi huogopa maranda na pumba nene kwa sababu ndizo zinazojaza sakafu. Kiafya, hizo si tatizo kubwa. Ni nzito, huanguka haraka, na zikiingia puani hunaswa na vinyweleo na makamasi, kisha mtu hupenga au kupiga chafya zikatoka.

Tatizo liko kwenye unga laini. Wataalamu hupima unga huo kwa mikroni, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu moja ya milimita. Unywele wa kichwa una unene wa kati ya mikroni 50 na 100. Vumbi lililo chini ya mikroni 10 huweza kupita pua na koo na kuingia kwenye njia za hewa, na lile lililo chini ya mikroni 4 au 5 hufika hadi kwenye vifuko vidogo vya mapafu, mahali ambapo damu huchukua hewa safi. Chembe moja moja ya unga huo huwezi kuiona kwa macho. Tena haianguki upesi: chembe ya mikroni 2, katika hewa iliyotulia, huchukua saa kadhaa kushuka kutoka kimo cha kichwa cha mtu hadi sakafuni. Kwa hiyo fundi anapozima mashine magharibi na kusema "vumbi limetulia", unga laini bado unaelea. Mtoto anayeingia bandani baada ya swala ya Isha kuchukua kitu, anauvuta.

Ukitaka kuhakikisha, fanya jaribio hili. Usiku, baada ya kupiga msasa, zima taa zote za banda. Washa tochi na uilaze ili mwanga wake upite kwa ulalo mbele yako, bila kukupiga machoni. Utaona hewa uliyodhani ni safi imejaa vijichembe vinavyocheza ndani ya mwanga. Jaribio la pili ni la jikoni. Weka sahani nyeusi au ya rangi iliyokoza juu ya kabati asubuhi, kisha ipitishie kidole jioni. Kidole kikitoka na unga, basi karakana yako imeshaingia jikoni.

Linadhuru vipi?

Madhara ya vumbi la mbao yapo ya haraka na yapo ya kuchelewa.

Ya haraka ni macho kuwasha, mafua yasiyokwisha, pua kuziba, kikohozi, ngozi kuwasha na kifua kubana. Mbao nazo hazilingani. Unga wa mvule unajulikana kusababisha pumu na muwasho wa ngozi kwa baadhi ya mafundi. Mpingo na mtiki huwasha ngozi ya baadhi ya watu. Mninga na mkongo, ambazo ndizo mbao tunazozipenda kwa milango na vitanda, unga wake huweza kuwasha pua na koo. Paini, ambayo wengi huiona mbao nyepesi isiyo na neno, utomvu wake nao huwaletea baadhi ya watu shida ya ngozi na kifua. Ama MDF na plaiwudi, hizo zimeunganishwa kwa gundi, na gundi nyingi za aina hiyo zina kemikali iitwayo fomaldehaidi. Zikikatwa hutoa unga laini sana uliochanganyika na gundi.

Pumu ya kazini ina tabia ya kumdanganya mtu. Fundi huweza kufanya kazi miaka mingi bila tatizo, kisha mwili ukaanza kukataa aina fulani ya mbao. Mara nyingine kifua hakibani akiwa kazini, bali hubana jioni au usiku wa manane, naye akadhani ni baridi au jini. Dalili ya kuitambua ni kwamba anapopumzika siku kadhaa, au anaposafiri, hupata nafuu, na akirudi bandani hali inarudi.

Hapa kwetu Tanzania jambo hili limeshachunguzwa. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti uliowahusisha wanaume wanaofanya kazi katika karakana ndogo za mbao nchini, ambao watafiti wake walikuwamo wa Muhimbili. Dalili za njia ya hewa zilionekana zaidi kwa wafanyakazi wa mbao kuliko kwa watu waliolinganishwa nao ambao hawafanyi kazi hiyo.

Madhara ya kuchelewa ni mazito zaidi. Katika mji wa High Wycombe, Uingereza, uliokuwa maarufu kwa kutengeneza viti, daktari wa pua, masikio na koo aitwaye Esme Hadfield aligundua katika miaka ya 1960 kwamba saratani ya ndani ya pua, ambayo ni nadra sana kwa watu wengine, ilikuwa ikiwapata mafundi wa samani mara nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Yeye na wenzake walichapisha matokeo yao mwaka 1968. Mwaka 1995, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilichapisha uamuzi wa kuliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ifahamike kuwa saratani hii bado ni nadra, na si kila seremala ataipata. Lakini huchukua miaka mingi, aghalabu zaidi ya ishirini, mpaka kujitokeza. Kijana anayeanza kujifunza kazi leo akiwa na miaka kumi na sita, hesabu yake inaanza leo.

Kwa nini feni na ufagio havitoshi

Ukiingia katika mabanda mengi utakuta dawa tatu za vumbi: feni, ufagio na kitambaa kilichofungwa puani. Tuzitazame moja moja.

Feni ikiwekwa ndani ya banda lililofungwa haiondoi vumbi, inalizungusha tu. Ufagio mkavu huondoa pumba nene na kuurusha unga laini hewani kwa mara ya pili. Kupuliza meza na nguo kwa kompresa ndiko kubaya kuliko vyote, kwa sababu unga wote uliokuwa umetulia hupaa kwa dakika moja. Kitambaa, kilemba au ncha ya kanga huzuia pumba, lakini unga laini hupita katikati ya nyuzi na pembeni mwa mashavu.

Wengine wana mashine ya kufyonza lakini mdomo wake wameuweka mbali. Hapa pana siri ambayo kila mwenye karakana anapaswa kuijua. Kuvuta hewa si sawa na kuipuliza. Mtu huweza kuzima mshumaa kwa kuupuliza akiwa mbali, lakini hawezi kuuzima kwa kuvuta pumzi, hata akiusogelea. Bomba la kufyonza likiwa na mdomo wa sentimita 10, ukisogea sentimita 10 tu kutoka mdomoni, kasi ya hewa inakuwa imeshuka hadi karibu sehemu moja ya kumi. Hivyo basi, bomba lililo umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye msumeno ni sawa na halipo. Kabla ya kununua mota kubwa zaidi, sogeza mdomo wa bomba.

Hatua ya kwanza: yasiyohitaji fedha

Ndugu msomaji, usiseme "mimi sina uwezo". Yapo mambo ambayo hayahitaji fedha, nayo yanapunguza vumbi kwa kiasi kikubwa.

Kwanza, toa kazi yenye vumbi nje. Msumeno wa meza, mashine ya randa na kupiga msasa vifanyike chini ya paa lisilo na kuta, si ndani ya chumba. Angalia upepo. Huku kwetu Pwani, upepo wa kaskazi huvuma takriban Disemba hadi Machi, na kusi huanza baada ya hapo na kuendelea hadi karibu Septemba. Mahali palipokuwa pazuri Januari huenda Juni pakawa panapeleka vumbi jikoni au kwa jirani. Funga kipande cha uzi au kitambaa chepesi kwenye nguzo ya banda kikuonyeshe upepo unakoelekea kila siku. Simama upepo ukitoka ubavuni kwako na kupeleka vumbi pembeni. Ukiupa mgongo, vumbi huzunguka mbele ya kifua na kurudi usoni.

Pili, noa meno na visu. Kisu kikali hukata na kutoa maranda. Kisu butu husaga na kutoa unga. Ukiona msumeno unatoa unga na harufu ya kuungua, ujue unakula mbao, umeme na mapafu yako kwa pamoja.

Tatu, panga saa za kazi. Kazi za vumbi zifanywe watoto wakiwa shule au madrasa, na siyo wakati wa kupika. Zikiisha, banda lisiingiwe na mtu kwa saa kadhaa.

Nne, fagia kwa maji. Nyunyizia sakafu maji kidogo kabla ya kufagia, na meza uifute kwa kitambaa chenye unyevu. Lakini zima mashine na uchomoe waya kwanza, na maji yasifike kwenye mota wala soketi.

Tano, achana na grenda yenye kisahani cha msasa kila inapowezekana. Inafanya kazi haraka, ni kweli, lakini inarusha unga pande zote na ni vigumu mno kuukamata. Mashine ya msasa yenye mfuko au tundu la kufyonzea ni bora zaidi, na msasa wa mkono kwenye kibao ni bora kwa kazi ndogo.

Hatua ya pili: ndoo ya kutenganisha pumba

Ukipata uwezo kidogo, tafuta mashine ya kufyonza vumbi, hata iliyotumika. Tatizo lake ni kwamba mfuko na filta yake huziba haraka kwa pumba, na ikiziba haivuti tena. Dawa yake ni kuweka ndoo kati ya mashine ya mbao na mashine ya kufyonza. Fundi anaweza kuitengeneza mwenyewe kama ifuatavyo:

1. Chukua ndoo ngumu ya rangi ya lita 20, yenye mfuniko unaobana vizuri. Ndoo laini haifai kwa sababu bomba likiziba itavutwa na kujikunja.

2. Toboa matundu mawili kwenye mfuniko. Moja liwe katikati kabisa, la pili liwe karibu na ukingo.

3. Kwenye tundu la katikati weka kipande kifupi cha bomba kinachoshuka kidogo ndani. Upande wake wa juu unaunganishwa na mashine ya kufyonza.

4. Kwenye tundu la pembeni weka kiwiko cha bomba, na mdomo wake ndani ya ndoo uelekee ubavuni, sambamba na ukuta wa ndoo. Usielekee chini wala katikati. Upande wake wa juu unaunganishwa na bomba linalotoka kwenye msumeno au msasa.

5. Ziba kila upenyo kwa silikoni au gundi. Tundu dogo tu la kuvuja linaua nguvu yote ya kuvuta.

Inavyofanya kazi ni hivi: hewa yenye vumbi ikiingia ubavuni huzunguka ndani ya ndoo kama kimbunga. Pumba kwa uzito wake hutupwa ukutani na kuanguka chini, na hewa nyepesi hutoka kupitia katikati. Mwaga pumba kabla ndoo haijafika nusu, la sivyo kimbunga kitazirudisha juu.

Lakini tahadhari. Ndoo hii hukamata pumba, haikamati unga wote laini. Unga laini huendelea hadi kwenye filta, na filta dhaifu huupitisha na kuurudisha chumbani ukiwa umesagika vizuri zaidi. Kwa hiyo weka mashine ya kufyonza nje ya banda, upande ambao upepo unaondoka, ipate kivuli na isinyeshewe, na bomba pekee ndilo liingie ndani. Usielekeze hewa chafu kwenye dirisha la jirani, kisima, au njia ya watu. Jirani ana haki juu yako, na vumbi lako likimkohoza mtoto wake usiku, hilo ni dhulma hata kama hakuja kulalamika.

Hatua ya tatu: kila mashine na mdomo wake

Mashine ya kufyonza ya nyumbani ina mvuto mkali lakini hupitisha hewa kidogo. Inafaa kwa mashine ya msasa, msumeno wa mkono na ruta. Mashine ya randa na msumeno wa meza hutoa pumba nyingi kwa mara moja, nazo zinahitaji feni kubwa ya kufyonzea yenye bomba pana, aghalabu la inchi 4. Ukilazimisha bomba jembamba kwenye mashine ya randa, litaziba.

Katika kuunganisha mabomba, zingatia haya. Bomba liwe fupi na lililonyooka. Kona moja kali ya mraba ipishe kona mbili za taratibu. Bomba la makunyanzi litumike kidogo tu mwishoni, maana makunyanzi hupunguza mwendo wa hewa. Kwenye msumeno wa meza, funika sehemu ya chini ya meza kwa ubao ili iwe kama sanduku, kisha unganisha bomba humo, kwa kuwa vumbi jingi hushukia chini. Acha pia nafasi ya hewa safi kuingia bandani. Banda likifungwa kila upande, feni haina hewa ya kuvuta.

Kwa kupiga msasa kwa mkono, tengeneza meza ya kufyonza. Ni sanduku la plaiwudi lenye matundu mengi juu yake na bomba ubavuni. Kipande cha kazi hulazwa juu ya matundu, na unga huvutwa chini kabla haujafika puani.

Suala la barakoa na ndevu

Baada ya hayo yote ndipo tunafika kwenye barakoa. Barakoa za kitambaa na zile za bluu za hospitali, ambazo wengi walizizoea mwaka 2020 na 2021, hazikutengenezwa kwa kazi hii, kwani pembeni zinaacha nafasi. Inayofaa ni ile iliyoandikwa N95 au FFP2, yenye mikanda miwili inayopita nyuma ya kichwa, ibane pande zote.

Hapa lipo jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Barakoa ya aina hiyo hubana kwenye ngozi. Mwenye ndevu, hewa hupita katikati ya nywele, na unga laini huifuata. Wapo ndugu wanaovaa barakoa ya bei juu ya ndevu nyingi wakidhani wamejikinga, ilhali wanavuta hewa ileile. Hatusemi mtu anyoe ndevu zake. Tunasema kwamba mwenye kufuga ndevu ana sababu kubwa zaidi kuliko mwingine ya kulikamata vumbi kwenye mashine na kufanya kazi nje, kwa sababu ngao ya mwisho kwake ni dhaifu. Zipo kofia maalumu zenye mota ndogo inayosukuma hewa iliyochujwa usoni, nazo humfaa mwenye ndevu, lakini bei yake ni kubwa.

Udhu nao una msaada wake. Kusukutua na kupandisha maji puani huondoa vumbi lililonasa puani na kooni, na seremala anayetawadha vizuri kabla ya Adhuhuri, Alasiri na Magharibi amesafisha mlango wa hewa mara tatu katika siku ya kazi. Lakini maji hayo hayafiki mapafuni. Udhu usiwe kisingizio cha kuacha kujikinga.

Nguo, watoto na pumba

Mama wa nyumba, sehemu hii ni yako pia. Fundi asiingie ndani na nguo za kazi. Awe na nguo maalumu zinazovuliwa bandani, aoge, kisha ndipo avae kanzu yake aende msikitini au abebe mtoto. Vumbi la mbao si najisi, lakini linakera waliosimama naye katika safu na linabaki kwenye mkeka wa kulalia. Nguo hizo zisikung'utwe. Zilowekwe kwenye maji kwanza, zifuliwe peke yake, mbali na nguo za mtoto mchanga.

Mtungi wa maji na vyakula vifunikwe, na rundo la pumba lisiwe uwanja wa watoto kuchezea.

Pumba za mbao safi zina kazi nyingi: kutandika bandani mwa kuku, au kuwashia jiko la pumba. Lakini pumba za MDF, plaiwudi, mbao zilizopakwa rangi, au mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa zisitandikwe kwa kuku wala zisichomwe jikoni. Moshi wake ni sumu.

Tusisahau moto. Unga wa mbao ukiwa hewani kwa wingi unaweza kulipuka kwa cheche moja. Sigara, jiko la mkaa na dawa ya mbu ya kuchoma visikae bandani. Msumari ukivutwa ndani ya feni ya chuma huweza kutoa cheche, hivyo toa misumari kwenye mbao za zamani kwanza. Na matambara yenye mafuta ya kitani yasifungwe na kutupwa kwenye pumba, kwa sababu huweza kujiwasha yenyewe. Yatandazwe nje yakauke.

Lini uende hospitali

Ukikohoa wiki mbili au zaidi, usiseme "ni vumbi tu la kazi". Nenda kituo cha afya upimwe kifua kikuu. Kipimo na dawa zake ni bure katika vituo vya serikali. Nenda pia ukiwa unabanwa kifua usiku, au ngozi inawasha kila unapogusa mbao fulani. Na pua ikiziba upande mmoja kwa muda mrefu, au ikitoa damu mara kwa mara upande huo, usitibiwe mafua mwaka mzima. Omba uonwe na daktari wa pua, masikio na koo.

Ukifika Tumbi kwa watu wa Kibaha, au hospitali ya wilaya kwa watu wa Kisarawe, mwambie daktari bila kuulizwa: "Mimi ni seremala, kwa miaka kadhaa, na mbao ninazotumia ni hizi." Neno hilo moja huweza kubadilisha vipimo utakavyoandikiwa.

Kama una vijana wanaojifunza kazi kwako, wao ni amana. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake, na kabla ya sheria hiyo, tayari tunajua kwamba kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Usimpe kijana wa miaka kumi na sita kazi ya kupiga msasa kutwa nzima kwa kuwa wewe umeichoka.

Maswali ya kujipima

Soma maswali haya pamoja na familia, jioni ya leo:

1. Karakana yetu ipo upande gani wa upepo mwezi huu, na vumbi linaelekea wapi?

2. Mdomo wa bomba la kufyonza upo sentimita ngapi kutoka pale vumbi linapozaliwa?

3. Nguo za kazi huvuliwa wapi, na hufuliwa pamoja na nguo za nani?

4. Ni nani kati yetu anayekohoa usiku, na kikohozi hicho kimeanza lini?

Ndugu msomaji, huna haja ya kufanya yote kwa siku moja. Kesho hamisha mashine ya msasa nje. Wiki ijayo noa meno ya msumeno. Mwezi ujao tengeneza ndoo. Kisha rudia lile jaribio la tochi, na utaona tofauti kwa macho yako, insha Allah. Kitanda ulichokitengeneza kwa mikono yako kitadumu miaka mingi. Ni vizuri na aliyekitengeneza naye aishi akiwa na kifua kizima, awalee wanawe kwa riziki ya halali.